Kalamu za mpingo: tukereze hapa au tuuze vipande?

Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na watengenezaji wa klarineti na obo duniani wanautegemea. Anayesema kuukereza kalamu ni kuuchezea mti ana hoja, na hesabu inamuunga mkono. Kipande cha kalamu ni sentimita 13 kwa 2 kwa 2. Mpingo ni mzito kuliko maji, kwa hiyo kipande hicho kina gramu 60 na ushee. Kalamu nyembamba, yenye vibomba viwili vya milimita 7 ndani ya mbao, ikikamilika hubaki na mbao isiyofika gramu 7. Nyingine yote ni maranda.

Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba kipande kingekuwa klarineti, na mara nyingi kisingekuwa. Viwanda vya ala za muziki vinataka mbao iliyonyooka, isiyo na fundo wala ufa, ilhali mpingo wa porini hupinda na gogo lake mara nyingi lina uwazi katikati. Sehemu kubwa hukataliwa msumenoni. Kalamu inatosheka na sentimita tano na nusu safi, mara mbili. Tena ile mbao nyeupe ya chini ya gome, isiyofaa klarineti, ndiyo mnunuzi wa kalamu anayoilipia: mchirizi wa rangi ya maziwa kwenye weusi.

Mchirizi huo una gharama yake. Ukipiga msasa, unga mweusi unaingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe na kuifanya ya kijivu, na hautoki tena. Dawa ni kumaliza umbo kwa patasi kali, kupuliza unga, kupaka supaglu nyembamba kuziba vinyweleo, ndipo msasa laini ufuate.

Kutoboa tundu la kibomba ndiko kunakoharibu zaidi. Keekee ikienda kasi, tundu linapata moto na mbao inapasuka, pengine siku kadhaa baadaye kalamu ikiwa imeshauzwa. Zungusha polepole, ingia milimita chache, toa, safisha maranda, rudia. Kipande kiwe kirefu kuliko kibomba, ili ncha ya keekee isitokeze na kumegua upande wa pili. Ziada ikatwe baadaye. Mafuta ya mpingo huifanya gundi inayoshika kibomba iachie, kwa hiyo futa tundu kwa asetoni, kwaruza kibomba kwa msasa, tumia gundi ya epoksi. Barakoa si hiari: unga huu huwasha ngozi na kifua.

Sasa biashara. Tangu 2017 karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Marekebisho ya 2019 yaliachia bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa shehena. Hata kwa gramu 7 kila moja, hizo ni kalamu zaidi ya elfu moja bila kibali cha CITES, ingawa sheria za nchi zinabaki palepale. Vipande ghafi havina nafuu hiyo. Kwa hoja hii peke yake, kukereza Dar es Salaam kunashinda kusafirisha vipande.

Shaka yangu iko kwenye neno "mabaki". Kalamu iliyokwisha kung'arishwa haionyeshi kama ilitoka kwenye taka za kiwanda au kwenye mti mchanga ulioangushwa usiku. Vijiji vya Kilwa vilivyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha uvunaji endelevu wa misitu, vinaweza kufuatilia gogo hadi kisikini. Muuzaji wa vipande asiye na karatasi hawezi, hata akiapa.

Na upande wa faida, vibomba, klipu na mitambo ya wino huagizwa nje. Wengi huchukua seti ya bei rahisi ili kubana gharama, rangi ya dhahabu inabanduka mapema, na mteja anarudisha kalamu ambayo mbao yake haina hata mkwaruzo.