Mkulima anakopeshwa sola, halmashauri je?

Simama nje ya ofisi yoyote ya halmashauri saa saba mchana. Bati linawaka, ndani viyoyozi vinanguruma kwa umeme wa kununua. Ofisi zetu hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, saa zilezile za jua, kwa hiyo sola ya ofisi haihitaji betri nyingi. Na betri ndizo zinazokula hela. Paneli hudumu hata miaka 25. Betri nyingi hazifiki nusu ya umri huo.

Naijua zahanati moja iliyopewa sola ya msaada. Ilizinduliwa kwa ngoma na utepe. Betri zilipokufa, fungu la kununua nyingine halikuwepo. Paneli ziko juu ya paa mpaka leo, kunguru wanatua juu yake.

Ndiyo maana naona Serikali isinunue paneli. Kampuni ifunge mtambo kwa fedha zake, ubaki wake, sisi tulipie uniti tu kwa bei iliyo chini ya ile ya TANESCO, tuseme kwa miaka 15. Paneli ikifa, hasara ni ya kampuni, hivyo fundi atapanda paani bila kuandikiwa barua.

Ila benki ikisikia mlipaji ni ofisi ya umma, inasita, na siilaumu. Machi 2017, akiwa Mtwara, Rais Magufuli aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa sugu, zikiwemo taasisi za Serikali. Kama shirika kubwa vile lilizungushwa hadi Rais akaingilia, kampuni ya mafundi kumi itamkatia nani?

Tazama M-KOPA, kampuni ya kukopesha sola iliyoanza Kenya 2012. Mkulima asiye na hati wala mdhamini alichukua sola, akalipa kidogo kidogo kwa simu. Asipolipa, kifaa kinajizima. Basi sola ya ofisi nayo iwe ya kulipia kabla, kama LUKU. Uniti za jua zikiisha, mkurugenzi anarudi kwenye zile za bei ya juu, na mkaguzi anauliza kwa nini.

Wodi ya wazazi naiweka kando. Inahitaji umeme usiku, yaani betri, na hakuna mwenye moyo wa kuizimia. Hiyo Serikali iinunulie yenyewe, pamoja na fungu la betri za mwaka wa tano.