Takwimu za Akina Mama

Mwaka 1978, katika mtaa wa Love Canal mjini Niagara Falls, Marekani, mama wa nyumbani aitwaye Lois Gibbs alichukua ramani ya mtaa wake na kuanza kuweka alama. Kampuni ya Hooker Chemical ilikuwa imefukia hapo takribani tani 21,000 za taka za kemikali, na nyumba zikaja kujengwa kandokando. Gibbs na majirani waliulizana nyumba kwa nyumba: nani mimba imemharibikia, nani kazaa mtoto mwenye kasoro, nani anaumwa figo. Alama zilipoongezeka, hazikutawanyika ovyo. Zilifuata mikondo ya zamani ya maji, iliyofukiwa kabla ya nyumba kujengwa.

Maofisa wa afya wa jimbo wakazibeza kwamba ni takwimu za akina mama wa nyumbani. Lakini Februari 1979 jimbo hilohilo, baada ya kupekua kumbukumbu zake, liliwataka wajawazito na familia zenye watoto wa chini ya miaka miwili wahame kwa muda. Sababu? Matatizo ya uzazi yalikuwa yamezidi kwenye maeneo yaliyowahi kuwa na maji.

Wataalamu wa takwimu hawaipendi sana hadithi hii, na wana hoja. Ukichagua mtaa kwa sababu una wagonjwa wengi, halafu ukahesabu wagonjwa wake, utawakuta wengi. Hilo halithibitishi kitu. Mwaka 2012 yalichapishwa mapitio ya uchunguzi 428 uliofanywa Marekani kwa takribani miaka 20 kuhusu sehemu zilizodhaniwa kuwa na saratani kupita kiasi. Ukijumlisha saratani zilizochunguzwa katika kila uchunguzi zilifika 567, na ongezeko likathibitishwa kwa 72. Tatu tu ndizo zilizohusishwa na kitu walichokuwa wakikituhumu wananchi, na moja pekee ndiyo iliyopatiwa chanzo bayana.

Moja. Namba hiyo hutajwa kila wakazi wanapopiga kelele, nami kila nikiisikia hujiuliza inapima nini hasa. Chukua ugonjwa unaompata mtoto mmoja kati ya mia. Kwenye mtaa waliozaliwa watoto 150, tunategemea mgonjwa mmoja au wawili. Wakipatikana watatu, yaani maradufu, mtaalamu atasema kwa haki kabisa kwamba huenda ni bahati tu. Hata kama sumu ipo kweli, mtaa mdogo hauna watu wa kutosha kuionyesha. Ripoti huandikwa “haikuthibitika”. Ikifika kwenye meza ya kampuni husomwa “hakuna madhara”. Hayo ni maneno mawili tofauti, na katikati yake watu wanaendelea kunywa maji yaleyale.

Wala tusidhani makosa ni ya wakazi peke yao. Utafiti uliozua taharuki kubwa kuliko wote Love Canal haukutoka kwa akina mama. Mei 1980, shirika la serikali la ulinzi wa mazingira lilitangaza kwamba watu 11 kati ya 36 waliopimwa walikuwa na kasoro za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili. Hapakuwa na kundi la kulinganisha. Wakazi wenye hasira waliwazuilia maofisa wawili wa shirika hilo kwa saa kadhaa. Uchunguzi wa baadaye, uliokuwa na watu wa kulinganishwa nao, haukuona tofauti.

Lawama nyingine huelekezwa kwa ndoo. Tangu miaka ya 1990, wanaoishi jirani na viwanda vya kusafisha mafuta wamekuwa wakipima hewa kwa ndoo ya plastiki yenye mfuko maalumu ndani. Pampu ndogo hunyonya hewa iliyomo kwenye ndoo, mfuko unafutuka na kuvuta hewa ya nje kupitia mrija, kisha mfuko unapelekwa maabara. Kazi ya dakika chache. Wakosoaji husema ndoo hufunguliwa siku harufu inapochoma tu. Ni kweli. Lakini wastani wa mwaka mzima nao huificha saa ileile mbaya, na mapafu hayavuti wastani. Huko Diamond, mtaa ulio Louisiana, Marekani, wakazi walioshika ndoo hizo waliendelea kubanana na kampuni ya mafuta ya Shell hadi mwaka 2002 ilipokubali kununua nyumba za mtaa wote ili wahame.

Sisemi ramani ya majirani iwe hukumu. Kiwanda hakifungwi kwa alama za kalamu, na ajira za watu si jambo la mzaha. Nasema itoshe kumlazimisha mwenye vipimo avilete, kwa gharama ya aliyemwaga. Sasa hivi anayeumwa ndiye anayedaiwa ushahidi.

Hapa ndipo mtandao wa mitaa mingi inayoshirikiana unapozidi mtaa mmoja. Watoto 150 hawasemi kitu. Mitaa ishirini iliyojengwa juu ya taka za aina moja, ikiuliza maswali yaleyale kwa fomu ileile, ina watoto 3,000, na kwa hesabu hiyo maradufu haiitwi tena bahati. Ila mitaa hiyo isichaguliwe kwa kuwa tayari ina wagonjwa, na kila nyumba isiyo na mgonjwa nayo iandikwe.