Chagua moja tu

Nina fomu ya ruzuku mezani tangu Jumapili. Chai imepoa mara mbili na bado nimekwama ukurasa wa kwanza, kwenye "Fani ya msanii". Visanduku vinne: muziki, sanaa za maonyesho, sanaa za ufundi, filamu. Chini yake, kwa herufi nene: CHAGUA MOJA TU.

Upigaji picha haumo kabisa. Nilipouliza kwa simu nikaambiwa niweke tiki "panapofanana". Haya.

Kazi ninayoiombea hela tumeifanya watatu: mimi na gitaa langu, dada mmoja dansa, na jamaa wa kamera. Mazoezi yalikuwa kwenye banda la mjomba wake huko Mbagala, taa moja tu inaning'inia. Siku ya tatu jamaa akalalamika. Mwanga hafifu, inabidi shata, kile kilango cha mwanga cha kamera, ikae wazi muda mrefu, kwa hiyo dansa akiruka anatoka ukungu mtupu. Punguzeni mwendo, akasema. Tukapunguza, bado ukungu. Basi nipeni mahali mtakapoganda wote, hata kidogo. Tukaweka kimya cha mapigo manne katikati ya wimbo. Dada akaganda mkono juu, kanga imemteleza begani, kamera ikalia *kacha*.

Usiku nikasikiliza rekodi, nikaona wimbo mzima umeegemea kile kimya. Mwenyewe nisingekiweka kamwe. Sisi wapiga gitaa tukiona nafasi tupu tunaijaza, ndio ugonjwa wetu. Kimetoka kwa mtu asiyejua hata kutyuni gitaa, kwa sababu ya taa mbovu, na kimekaa kwenye mwili wa dansa. Sasa ndugu zangu wa fomu, kile kimya nikitie kisanduku gani?

Wapo wanaonipiga na methali: mshika mbili moja humponyoka. Mama mzazi ni mmoja wao, kwa hiyo najibu kwa adabu. Methali hiyo inamsema mtu mmoja. Sisi tulikuwa watatu, mikono sita, na hakuna kilichoponyoka zaidi ya nauli.

Mnawakumbuka Just A Band, lile kundi la Nairobi? Muziki walipiga wao, video wakaongoza wenyewe, na maonyesho ya sanaa ya video juu yake. Mwaka 2010 video yao ikamzaa Makmende, shujaa wa kubuni, Kenya nzima ikawa inamtungia vichekesho mtandaoni. Baadaye mmoja wao, Jim Chuchu, akaendelea na picha na filamu, Mbithi Masya akaongoza filamu yake, Blinky Bill akabaki na muziki. Wangeletewa fomu hii mwaka 2008, walipotoa albamu ya kwanza, wangeandika nini? Na kama wangetii wakaandika "muziki", Makmende angelipiwa kutoka fungu lipi?

Sawa, nakubali, kwa shingo upande: wababaishaji tunao. Mtu ananunua kamera Jumatatu, Jumatano keshajiandika "mpiga picha wa kimataifa", Ijumaa anatoa singo. Nawajua, na mmoja ana deni langu. Ila mbabaishaji hazuiwi na kisanduku. Yeye anaweka tiki moja safi kabisa na kupita, maana hana cha kueleza. Anayekwama ni yule ambaye kazi yake kweli imeshonwa na watu wa fani tofauti.

Kinachouma zaidi ni kwamba Kiswahili chenyewe hakijawahi kusumbuka. Ukisikia "leo kuna ngoma", hakuna anayeuliza kama utaenda kusikiliza au kutazama. Ngoma ndiyo ile inayopigwa, ndiyo inayochezwa, na siku hizi vijana wanaita hivyo hata wimbo wa kwenye simu. Neno moja limebeba yote, halafu ofisi inayozungumza lugha hiyohiyo inatutenganisha na kalamu.

Na kuhusu hela: ukiweka tiki "muziki", bajeti inakubali studio na vyombo. Dansa na mpiga picha wanakwenda kwenye "mengineyo". Nimewaambia. Dada alicheka. Jamaa hakucheka.

Jana nimeweka tiki tatu na kuchora kisanduku cha tano kwa mkono, nikaandika "picha". Dada wa mapokezi ameitazama, akanitazama, akasema kwa upole, "Kaka, mfumo utaikataa hii." Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa, saa tisa alasiri.