Usiniambie "hali yake si nzuri" wakati ameshafariki

Aliyewahi kufiwa akiwa mbali na kwao anaijua simu hii. Anapiga baba mdogo, au shangazi ambaye si kawaida yake kupiga siku ya kazi. Salamu ni fupi. Halafu: "Mwanangu, baba yako hali yake si nzuri. Fanya ufanye uje umwone." Wakati maneno hayo yanasemwa, mwili uko mochwari, turubai limeshaagizwa, na vijana wa kuchimba kaburi wameshaambiwa.

Wanaosema uongo huu ni watu wenye upendo, na hofu yao naielewa. Wanaogopa mtoto ataanguka peke yake chumbani Dar es Salaam, au atashika usukani akiwa na machozi. Pamoja na hayo, nasema bila kuficha kwamba kwa mtu mzima mwenye akili timamu uongo huu unaumiza kuliko habari yenyewe. Huruma inayotafutwa ipo. Ipo katika kuchagua saa ya kusema, nani awe karibu na mfiwa, na maneno gani yatumike.

Tazama jinsi uongo huu unavyozaa mwingine. Mtoto akishasikia baba anaumwa, atasema, "Naomba niongee naye." Itabidi ajibiwe "amelala", au "wodi hii hawaruhusu simu". Atauliza, "Nitume shilingi ngapi za dawa?" Hapo anayejibu ama apokee pesa ya kumtibu marehemu, ama atunge sababu ya kuikataa. Kisha mtoto anaanza kupanga safari ya kwenda kuona mgonjwa, wakati alipaswa kupanga safari ya kwenda kuzika. Anafungasha mashati mawili. Mke na watoto anawaacha, maana wana shule. Kazini anasema atarudi Jumatatu, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi angalau siku 4 za mapumziko yenye malipo, ambazo angeziomba palepale. Anapanda basi la Bukoba, zaidi ya kilomita 1,300, na katika kila kituo anapiga simu ambayo haipokelewi.

Asubuhi ya pili anashuka stendi na mfuko wa machungwa na kopo la glukosi. Anachukua bodaboda. Dereva ni kijana wa pale pale, anajua ni msiba wa nani, anamwambia, "Pole sana, kaka." Au dereva anakaa kimya, na njia inapokata kona ya mwisho anaona turubai, viti vya plastiki, moshi wa magogo, na wanawake waliojifunga khanga kiunoni. Vilio vinapanda kwa sababu yeye amefika. Machungwa bado yako mkononi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na hapa mwisho wake ni kwenye ile kona, mbele ya watu mia, na yeye ndiye pekee asiyejua.

Siku hizi mara nyingi hafiki hata kwenye kona. Binamu ameshaweka picha ya marehemu na mshumaa kwenye status ya WhatsApp, au mweka hazina wa ukoo ametuma ujumbe wa michango ya rambirambi kwenye kundi ambalo mfiwa naye yumo. Anausoma akiwa kiti cha dirishani, Singida, katikati ya watu asiowajua.

Kuna madhara mengine ambayo hayazungumzwi. Kwa kuwa sote tumeuzoea uongo huu, maneno "hali si nzuri, njoo" yamekuwa na maana moja tu: amekufa. Mgonjwa anapokuwa hai kweli, na anataka kuisikia sauti ya mwanawe, mwito uleule unapokewa kama tanzia. Mtoto anaanza kulia, hata hafikirii kuomba simu iwekwe sikioni mwa mama. Kama mgonjwa yu hai, sema hivyo kwa maneno yasiyo na shaka: "Yu hai. Nimekaa naye hapa, anapumua kwa shida, daktari ametuambia huenda asifike kesho. Nakuwekea simu sikioni, ongea naye." Ukisema hivyo kwa kweli, na siku nyingine ukasema "amefariki" kwa kweli, watu wa nyumba yako watakuamini mara zote mbili.

Sasa njia ya kusema. Saa ya kwanza baada ya kifo ichaguliwe sauti moja ya kutoa taarifa, na aandike kwenye karatasi majina ya wanaopaswa kuambiwa kabla ya watu wengine wote: mwenzi, watoto, wazazi, ndugu wa kuzaliwa. Kila anayeambiwa anawekewa alama. Mpaka jina la mwisho liwekewe alama, hakuna picha, hakuna status, hakuna neno kwenye kundi, na hilo litamkwe kwa kila aliyepo hospitalini, wakiwemo vijana. Habari nyingi huvuja kwa sababu hakuna aliyewaambia vijana wasubiri.

Kabla ya kumpigia mfiwa, mpigie mtu aliye karibu naye: mume, mke, jirani, mwenzake wa kazini. Mwombe aende akakae naye, na akujulishe akifika. Dakika 30 au saa nzima ya kusubiri hapa si uongo, ni kumtafutia mtu bega. Kisha piga simu yenyewe, usitume ujumbe wa maandishi. Swali la kwanza ni "Uko wapi, na uko na nani?" Akisema anaendesha gari, mwambie, "Simama pembeni palipo salama, zima gari, nakupigia baada ya dakika tano," na ukate. Akikung'ang'ania umwambie kuna nini, mrudie hivyo hivyo: simama kwanza. Usimpe habari ya kifo akiwa kwenye mwendo, na usimpe ya uongo pia.

Akishakaa, mtangulizie: "Nina habari nzito." Vuta pumzi moja. Halafu sentensi moja yenye mtu na tendo: "Baba amefariki leo saa 11 alfajiri." Nasisitiza neno "amefariki". Lugha yetu ina maneno mengi ya staha kwa jambo hili, na mahali pake ni kwenye hotuba na matangazo. Kwenye simu yenye mtandao wa kukatika, "baba hatunaye" linaweza kusikika kama hayupo nyumbani, na "ametutangulia" limewahi kujibiwa "ametangulia hospitali gani?" Ukilazimika kurudia mara ya pili na ya tatu kwa ukali zaidi, umemchoma mara tatu.

Baada ya sentensi hiyo, nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuwa kilio cha mtu kinatutisha na tunakifunika kwa "jikaze, wewe ni mwanaume". Mwache alie, simu ikiwa wazi. Atakapouliza, mara nyingi ni mambo matatu: amekufa na nini, nani alikuwa naye, na anazikwa lini. Yajibu kama unavyoyajua. Usimwambie mengine mengi, kwa sababu hatayakumbuka. Piga tena baada ya saa moja kuzungumzia nauli, basi, na nani atasafiri naye. Mtu wa kumsindikiza ni wa lazima, hata kama nauli yake itachangwa. Huyo ndiye anayefanya ile kazi ambayo tumekuwa tukiitaka ifanywe na uongo.

"Lakini mama ana presha." Hoja hii ni nzito, na si ushirikina. Mshtuko wa kufiwa huongeza hatari ya mshtuko wa moyo, hasa katika saa 24 za kwanza. Upo pia udhaifu wa ghafla wa misuli ya moyo unaotokana na huzuni kali, ambao madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990, na wengi wanaoupata ni wanawake waliokwishakoma hedhi. Ila kumficha mama kwa siku mbili hakuuondoi mshtuko. Kunauahirisha hadi saa usiyoichagua wewe. Ukichagua wewe, unahakikisha amekula, amekunywa dawa yake ya presha ya siku hiyo, amekaa kwenye kiti chenye mgongo, binti yake yuko kando, na usafiri uko mlangoni. Akilalamika kifua kinabana, anahema kwa shida au anatoka jasho la baridi, mkimbizeni hospitali, msidhani ni kilio tu.

Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wa ziada, maana mazishi huharakishwa na mara nyingi hufanyika siku ileile. Aliyedanganywa kwamba ni ugonjwa hawezi kusema kama angependa asubiriwe kwa muda wa saa tatu ili afike, au aombe kuongea na imamu. Tena mafundisho yanasema subira ni ile ya pigo la kwanza. Sasa pigo lenyewe tukilikatakata vipande, la simu, la basi, la bodaboda, subira ataishika wapi? Mjane naye ana eda ya miezi minne na siku kumi asipokuwa mjamzito, na kwa wanazuoni wengi inahesabiwa tangu siku ya kifo, hata kama habari ilimfikia baadaye. Kila siku anayofichwa ni siku ya eda inayopita bila yeye kujua. Katika Hadithi yamo mambo matatu ambamo uongo umeruhusiwa: vitani, kusuluhisha watu, na maneno baina ya mume na mke. Habari za msiba hazimo.

Wanaonisikitisha kuliko wote ni mabinti wanaofanya kazi za ndani Uarabuni kwa mikataba ya miaka miwili. Familia inasema, "Tusimwambie, atavunja mkataba." Miezi inapita, anatuma pesa ya dawa za mama ambaye ameshazikwa, na siku akijua anahesabu risiti moja baada ya nyingine. Mwambieni. Hata asipopata ruhusa ya kuja, anaweza kuona mazishi kwa simu ya video, kupewa nafasi ya kuagiza neno lisomwe, na kuchagua mwenyewe pesa yake ifanye nini. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliye bweni katikati ya mtihani ndiye anayenipa taabu zaidi kumwamua. Hata yeye naona aambiwe, mbele ya matroni na ndugu mmoja aliyesafiri kwenda shuleni. Mtihani unaweza kurudiwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, mazishi hayarudiwi.

Mtoto mdogo msimwambie "baba amelala", ataogopa kulala. Mwambieni amekufa, hapumui, hasikii baridi, hatarudi, na mkubali kurudia hivyo kila anapouliza.

Yupo mmoja tu ambaye kwake naacha msimamo wangu: bibi mwenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, anayeuliza kila asubuhi mumewe yuko wapi. Mumewe alikufa miaka mingi iliyopita. Alipokufa aliambiwa, akalia, akazika. Leo ukimwambia tena, kwake ni habari mpya, atalia upya, na baada ya saa moja atasahau alichoambiwa lakini majonzi yatabaki kifuani. Kwake ukweli haufungui mlango wowote: hakuna safari ya kupanga wala mazishi ya kuhudhuria. Jibu lile linaloulizwa chini ya swali. "Umemkumbuka mzee leo? Alipenda chai ya namna gani?" Mara nyingi atasimulia na kutulia. Aking'ang'ana, "Hayupo nyumbani sasa hivi, bibi" inatosha. Na siku akisema mwenyewe, "Kwani si alikufa?", usimpinge. Mshike mkono, mwambie ndiyo.

Na kama uongo umeshasemwa na mtu yuko njiani? Usiongeze wa pili. Tafuta ndugu anayemwamini, aende stendi mapema, asimwachie bodaboda. Akishuka, ampokee mzigo, amtoe kwenye kelele, wakae hata kwenye benchi la mama lishe. Amwambie pale, kwa sentensi ileile moja, na amwombe radhi kwa simu ya jana. Ampe maji, amwache alie mpaka aseme twende. Kisha wapande gari pamoja, wakiwa wote wawili wanajua nini kiko nyuma ya ile kona.