Ganda la VVU kutoka seli za kiwavijeshi: ugumu uko kwenye kusafisha

Wanaozitetea seli za wadudu hukimbilia kutaja Cervarix. Chanjo hiyo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, hutengenezwa ndani ya seli za nondo na iliidhinishwa Ulaya mwaka 2007. Kwa nini basi chanjo ya VVU, iliyojengwa kwa ganda tupu la virusi hivyo, isipitie njia hiyo hiyo? Swali ni la haki. Ila VVU ni retrovirusi, na retrovirusi huvaa utando wa mafuta ambao HPV haina. Tofauti hiyo moja inabadilisha hesabu nzima.

Uzuri wa njia hii haupingiki. Protini moja tu, Gag, inatosha kujenga ganda. Nakala zake elfu mbili na zaidi hujipanga chini ya utando wa seli, zikausukuma nje mpaka kitufe, yaani tufe dogo, cha nanomita 100 na ushee kinameguka kikiwa kimejifunika kipande cha utando huo. Ndani hakuna jeni za VVU, hivyo hakiambukizi. Tangu 1989 inajulikana kwamba seli za Sf9, zilizotoka kwenye ovari za pupa wa kiwavijeshi vamizi, hufanya kazi hii bila kusukumwa. Zinakua kwenye nyuzi 27, hazidai hewa ya kaboni dioksidi, na siku mbili tatu baada ya kuambukizwa bakulovirusi, kirusi cha wadudu, iliyobeba jeni ya Gag, unavuna.

Kuna sifa nyingine isiyosemwa sana. Mwaka 1991 watafiti waligundua kwamba baadhi ya tumbili waliochomwa seli za binadamu tupu, zisizo na virusi, walikingwa dhidi ya SIV, ndugu wa VVU. Kinga ilielekea kwenye protini za seli zilizokuzia virusi, si kwenye virusi vyenyewe. Ganda la seli za mdudu halikuingizi kwenye mtego huo.

Sasa mavuno. Ukizungusha supu ile kwenye tabaka za sukari, unapata mstari mweupe mzuri kwenye mrija na unadhani kazi imekwisha. Uweke chini ya hadubini ya elektroni: kando ya vitufe vimelala vijiti. Ni bakulovirusi, nazo zina utando kama vitufe na huzama karibu kwa kasi ile ile. Kwenye chanjo ya HPV, ambayo ganda lake halina utando, zinaweza kuuawa kwa sabuni. Huku sabuni itayeyusha na kitufe chako pia. Wengine hujitetea kwamba vijiti huamsha kinga, na ni kweli huamsha. Lakini hapo utajuaje kilichofanya kazi ni Gag au ni mgeni?

Tena kuna Env, protini ya juu ambayo kingamwili huilenga. Karibu nusu ya uzito wa gp120 ni sukari, na seli za wadudu huzikata sukari hizo fupi, tofauti na za binadamu. Pia Env hukaa chache mno juu ya kitufe.

Kwangu mimi, anayechunguza jinsi Gag inavyojipanga hana sababu ya kuziacha Sf9 na bakulovirusi yake. Anayetafuta chanjo ya Gag aanze na seli za wadudu zilizopandikizwa jeni moja kwa moja, bila bakulovirusi, hata kama kupata ukoo mzuri wa seli kutamla miezi. Na anayeitaka Env yenye sukari za binadamu ahamie HEK293, seli za figo za binadamu, akikumbuka kubeba kundi la tumbili wa kulinganisha waliochomwa seli tupu.