Nyumba Imependeza, Pa Kukaa Ndo Hakuna

Jamani naomba kuuliza, hivi mtu akirudi kwake alasiri jua limemchoma, kavua kandambili mlangoni, ana haki ya kukaa ama hana? Manake mimi hapa Mkomani, mtaa wa Lamu, siku hizi kwangu nakaa kwa ruhusa. Takia hili usiliegemee, ni la kupendezesha. Kiti kile usikikalie, kimewekwa kijaze kona. Kona yenyewe miaka yote ilikuwa tupu na hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Haya yote yameletwa na binti yangu mkubwa. Anasoma Nairobi, na akija likizo haji na nguo chafu peke yake, huja na maarifa. Simu mkononi, vidio baada ya vidio, ati njia rahisi za kuboresha nyumba yako. Rahisi! Kila kilichoitwa rahisi humu ndani kimeishia kwa "Baba, una elfu mbili hapo?"

Alianza na ukuta. Sasa nyumba hii ni ya mawe, matumbawe na chokaa kama wenzake wote hapa Amu, yaani Lamu, na chokaa hupumua, unyevu unaingia unatoka, kaskazi ikivuma ukuta unajikausha wenyewe bila kukudai hata senti. Yeye kaona kwenye simu rangi ya kijivu inayong'aa, akaitiwa fundi, fundi naye kaona chokaa kimebabuka mahali akasema dawa yake simiti. Nikamwambia bwana wee, simiti kwenye matumbawe haipitishi pumzi, maji yatabaki ndani na chumvi yake. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, hii ni kisasa." Haya. Mvua za masika zilipoingia kisasa kikaanza kutoka jasho, rangi ikatoa malengelenge, ukilibonyeza moja linapasuka linamwaga unga mweupe wa chumvi, halafu usiku wa manane kipande kizima cha simiti kinaporomoka puu, mama watoto anaruka kitandani anasoma Ayatul Kursi anadhani tumeingiliwa na jini. Jini gani, ni fundi! Chokaa mtu unapaka mwenyewe kwa brashi asubuhi, jioni chumba kimekuwa cheupe kimepoa. Hiyo ndo njia rahisi sasa, lakini mwenye kuitolea vidio hayupo.

Ikaja habari ya shelfu, hapo wallahi nilitaka kuhamia jahazini. Nyumba ina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukuta mzima, safu juu ya safu, kazi ya plasta ya wazee waliokuwa na subira zao, na kazi ya kidaka ni nini kama si kuwekea vitu? Yeye anataka shelfu za mbao za kuning'inia. Na zidaka je? "Zimejaa, Baba." Nikaenda kuangalia, kweli zimejaa. Chaja ya simu iliyozama baharini, rimoti haina betri, chupa ya dawa ya kikohozi imebaki kijiko kimoja, bilauri isiyo na mwenziwe, karatasi za tokeni za stima, na ufunguo ambao kufuli lake hakuna alijuaye lakini ukitaka kuutupa nyumba nzima inapiga kelele. Si mngefagia hizo takataka mkapanga sahani mbili tatu za zamani na chetezo, mkamaliza? Hapana, ikaja drili. Matumbawe na drili hawaelewani, yanamong'onyoka tu, tundu la skrubu likawa la ngumi, la ngumi likawa la kichwa, na sasa nikiwa kitandani mchana mama watoto ananiona kutoka jikoni. Usingizi wangu wa adhuhuri umekwenda hivo.

Siling'i ya jipsamu niliikataa kabisa, hiyo sikutaka hata kusikia. Nenda Shela, kijiji cha jirani, ukaone. Wazungu wamenunua majumba, wametia chokaa, wameziacha boriti wazi juu, wametandika mikeka na matakia chini, na mtu analipa pesa nyingi alale usiku mmoja atazame dari. Sisi wenye boriti tunataka kuzifunika tufanane na fleti za Dubai.

Mamangu yeye anakaa ghorofa ya juu na mijadala hii haimhusu. Jioni anatia makaa chetezoni, ubani kidogo, usiku wa kuamkia Ijumaa anaongeza udi. Asumini na rihani kazipanda kwenye mikebe ya mafuta hapo kiwandani, yaani uani, anazimwagilia maji ya kuoshea mchele. Kitanda, mkeka, dirisha wazi, basi, na hicho ndo chumba kizuri kuliko vyote humu ndani, mtu akichoka na urembo wa chini utamkuta juu kajinyoosha mkekani, binti mwenyewe wa kwanza. Mara moja tu mamangu aliinua sauti, siku iliposemwa birika la chooni, lile tangi la maji la kujengwa, livunjwe ifungwe shawa. Birikani mna visamaki, tangu zamani huwekwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mama akauliza, "Na hao mbu utawala wewe?" Binti akashuka kuwaona hao samaki, akawapiga picha, akaambiwa na wenziwe wa Nairobi kuwa ni kitu kizuri sana hawajakiona popote, birika likapona. Sasa ndo najua, kumbe kitu chako kikitaka kuheshimiwa kwanza kiingie kwenye simu. Na mimi nifikiriwe basi, nina uso wa picha.

Sasa sofa.

Sofa iliagizwa Mombasa, ya umbo la L, siti 7. Vyumba vyetu ni virefu vyembamba, manake dari imebebwa na boriti za mikoko na urefu wa boriti ndo upana wa chumba, mti huwezi kuuvuta ukarefuka. Chumba changu ni kama mita 2 na nusu. Sofa upande wake mmoja peke yake ni karibu mita 3. Nikaleta futi nikapima mbele ya mashahidi. "Baba, itaingia tu."

Basi sofa ikapanda gari kutoka Mombasa mpaka Mokowe huko bara, Mokowe ikapakiwa boti, abiria wakaikalia raha mustarehe mpaka jetini, hao ndo watu pekee walioikalia vile alivyokusudia muuzaji. Hamali wakaitia mkokotenini, mkokoteni ukaishia pale vichochoro vinapoanza kubana, wakaibeba vichwani. Kona ya kwanza ikapita. Kona ya pili ikakaa, ukuta huku ukuta huku, haiendi hairudi. Hapo nyuma nasikia "Punda! Punda!" Punda kafika na magunia yake ya mchanga, kaiangalia sofa, kasimama. Punda wetu harudi nyuma, hajafundishwa. Nyuma yake punda wa pili. Nyuma ya punda wa pili mtu na tangi la gesi begani. Mkubwa wa hamali anapiga ukelele "Inuani yuu! Yuu!", bibi mmoja dirishani anasema tuilaze ubavu, mwenzake wa dirisha la ng'ambo anasema tuimwagie sabuni, na adhana ya magharibi ndo hiyo inaadhiniwa. Watu wakawa wanapita chini ya sofa kwenda msikitini, mmoja mmoja wameinama, na kila akitokeza upande wangu ananipa mkono, "Mabruk."

Ilipofika kwangu ikaingia dakani, kile kibaraza cha mbele ya mlango, ikagoma. Mlango wa nakshi hauna upana huo, ulitengenezewa binadamu. Fundi yule yule wa simiti, sijui nani alimwita, akashauri tuukate fremu kidogo. Fremu ya mlango wa nakshi! Mji huu umeandikwa na UNESCO urithi wa dunia tangu 2001, yeye autie msumeno sababu ya siponji. Nikasema hapo hapo ilipo ibaki.

Basi imebaki dakani, kati ya baraza mbili za mawe, na mimi kuingia kwangu napanda naruka, mamangu akitaka kutoka anashikwa mikono na vijana wawili. Likizo ikaisha, binti karudi Nairobi, na kila Ijumaa ananiuliza kwa simu kama nimeizoea.

Niizoee saa ngapi? Baada ya alasiri tu sofa imejaa. Wazee wa mtaa waliokuwa wakikaa uwanjani Mkunguni wamehama, wanasema kwangu pana kivuli na mgongo haulalamiki. Muuza kahawa na dele lake kageuza kituo, anaanzia hapa na anaishia hapa, na juzi kamleta na muuza kashata. Mmoja kaleta bao. Mwingine, sitamtaja, ana takia lake analolificha nyuma ya sofa na akilikosa ananikasirikia mimi. Nikitoka ndani napokewa kwa heshima zote, "Karibu ami, karibu sana," kisha hakuna anayesogea. Jana nimekunywa kahawa yangu nimesimama, kikombe mkononi, mlangoni kwangu, na nikaambiwa nisogee nisiwazibie upepo.

Tukiwa hapo akapita kijana anayetembeza wageni, nyuma ana wazungu kama wanane na kofia zao. Akasimama. Nasikia anawaeleza kuwa hili ndo daka la Waswahili, na kochi la namna hii ni mila yetu ya zamani, huwekwa nje kwa ajili ya wapita njia. Wazee wote kwenye sofa wakaitikia kwa vichwa. Mzungu mmoja mama akaishika ile siponji, akapenda, akauliza kwa ishara ya vidole bei gani. Nikamwambia kijana amfasirie, mama aichukue bure na Mungu ambariki, ila aibebe mwenyewe mpaka jetini, na aanze sasa hivi kabla ya adhana na kabla punda hawajatoka.