Riba ya asilimia 13 na hesabu ambayo haikusemwa

Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipopandisha riba yake, inayoongoza riba za benki za biashara, hadi asilimia 13, wenye mikopo walilia. Wengi walisema Gavana Kamau Thugge amewasahau wafanyabiashara wadogo. Kilio kilikuwa cha haki. Lakini ipo hesabu ambayo haikusemwa vya kutosha.

Mwaka 2014 serikali ya Kenya iliuza nje hatifungani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji, ya dola bilioni 2, ya kulipwa Juni 2024. Ilipouzwa, dola ilikuwa kati ya shilingi 87 na 90, kwa hiyo deni lilikuwa takriban shilingi bilioni 176. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Deni lilelile, bila kuongezwa hata dola moja, likafika shilingi bilioni 320! Zaidi ya bilioni 140 zilizuka kwa kuporomoka kwa sarafu tu. Hazikujenga barabara wala kununua dawa, na ushuru unakusanywa kwa shilingi. Hata asiye na mkopo alilipia shilingi dhaifu kila alipopanda matatu, maana mafuta hununuliwa kwa dola.

Chanzo kimoja kilikuwa Washington. Kuanzia Machi 2022 riba ya Marekani ilitoka karibu na sifuri ikapita asilimia 5, na mwenye dola akakosa sababu ya kuziacha Nairobi. Wawekezaji wa kigeni waliuza hisa. Ya kampuni ya simu ya Safaricom, iliyopita shilingi 40 mwaka 2021, ilishuka chini ya 15 kufikia mwisho wa 2023. Kuwarudisha watu hao kulihitaji faida ya kuwatoa hofu, yaani riba ya juu.

Wapo wanaosema kilichookoa shilingi ni hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ya Februari 2024, iliyolipa sehemu kubwa ya ile ya zamani. Wana hoja: Desemba 2023 riba ya Benki Kuu ilipanda hadi asilimia 12.5 na shilingi ikaendelea kuanguka. Ila mwezi huohuo wa Februari serikali iliomba shilingi bilioni 70 kwa hatifungani ya miundombinu, ikachukua karibu bilioni 241, zikiwemo fedha za wageni. Wasingekuja kwa riba ya chini. Miezi michache baadaye dola ilikuwa karibu shilingi 130.

Gharama yake sitaificha. Hatifungani hiyo ya miundombinu ililipa asilimia 18.46 kwa mwaka bila kodi, na aliyefaidi ni mwenye akiba. Benki inayopata faida hiyo serikalini haina haraka ya kumkopesha fundi seremala. Mikopo isiyolipika ilipita asilimia 16 ya mikopo yote ya benki.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilishusha riba, ikafika asilimia 11.25 mwezi Desemba. Benki za biashara, zilizopandisha upesi, zilishusha kwa kusuasua, hadi Benki Kuu ikatishia kuzitoza faini.